Makali ya Gitaa la Nikodemo

Itaka, Jumapili 5 Mei 1957

Leo naingia mwaka wa tatu tangu nitoke kwetu Upangwa. Niliaga nikisema nakwenda migodini, kwenye shaba, na nadhani watu wa kwetu mpaka leo wanajua niko huko. Sikuvuka Tunduma. Daktari wa waandikishaji alinigonga kifua, akasikiliza, akanigonga tena, akasema mapafu haya hayafai kupelekwa chini ya ardhi. Wenzangu niliotoka nao walipanda lori. Mimi nilibaki barabarani na mkeka wangu. Kurudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, niliona aibu, nikashika njia ya Mbozi kutafuta kazi ya kahawa. Nikaipata, na haijaniachia.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Kambini hapa hakuna wa kusema naye Kipangwa, na Kiswahili cha kambini ni cha kuagizana tu: leta, beba, ondoka. Nilisoma kwa mapadre mpaka darasa la nne. Nitaandika kwa kadiri hiyo.

Nitarudi Agosti, kahawa ikiisha.

Jumanne 7 Mei

Kuchuma. Manyunyu ya mwisho. Kahawa bado kidogo, nyekundu chache katika kijani kingi. Nyapara Osea, Mnyiha wa hapahapa, amenitukana kwa kuchuma mbichi. Alikuwa na haki, lakini mdomo wake ni mchafu.

Jumamosi 11 Mei

Leo nimesikia kitu ambacho sikuwahi kusikia.

Nikodemo, mtu wa mashine, anayeendesha injini ya kumenyea kahawa, ni Mnamwanga wa Tunduma. Yeye mapafu yake yalikubaliwa. Alikaa Kitwe, mji wa migodi, miaka mingi, akarudi na kofia, viatu vya rangi mbili, maneno ya Kibemba, na gitaa la umeme. Gitaa lenyewe ni ubao mzito usio na tumbo. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Uzi ukitikisika, sumaku inausikia, inapeleka habari kwa waya mpaka kwenye sanduku, na sanduku ndilo linalopaza sauti.

Umeme unatoka kwenye dainamo ya injini, nao unafika ghalani tu. Kwa hiyo Bwana wa shamba amemruhusu Nikodemo na mwimbaji wake kupiga humo Jumamosi mchana baada ya posho, ili wachumaji wasitoroke. Anayeimba ni Sekela, mchumaji kama mimi, aliyekuwa kwenye kwaya ya misheni. Anajiona. Amenipita mlangoni kama anapita gogo.

Nikodemo akapiga. Ghala tupu limefagiwa, bati juu, sakafu ya saruji. Nyuzi nyembamba zilipolia niliumwa meno. Ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria kwa kisu, na kisu hicho kimepelekwa masikioni. Sekela alikuwa akiimba, nimeona mdomo ukifunguka, sauti yake sikuisikia. Wachumaji waliosimama mlangoni walicheka, wakaondoka.

Jumamosi 18 Mei

Amekuja Zebedayo wa Tunduma. Huyu ana baa karibu na mpaka na lori la kubebea maharage. Ni mtu mnene, mpole wa maneno, na upole wake ni wa kupimia mtu. Alisikiliza wimbo mmoja, akainua mkono.

“Nikodemo, mdogo wangu,” alisema, “mimi nauza bia. Mtu akisikia hili anamaliza chupa ya kwanza kwa heshima yangu, ya pili hasubiri.”

Nikodemo akasema huko Kitwe ndivyo magitaa yanavyolia, watu wa huku hawajazoea. Zebedayo akasema basi alirudishe Kitwe. Kisha akasema jambo ambalo limenitoa usingizi. Kahawa ikiisha, lori lake litakwenda kununua maharage mpaka Njombe, na pote litakaposimama siku ya gulio angependa kuwe na muziki, ili wauzaji wamjie yeye kabla ya wengine. Hata injini ndogo ya umeme anayo ya kupakia. Gitaa likitulia, atawachukua. Lisipotulia, atachukua maharage peke yake.

Nilisikia Njombe tu. Kutoka Njombe kwenda kwetu ni njia ninayoijua kwa nyayo. Na kushuka kwenye lori pamoja na wapiga muziki si sawa na kutokea porini na mkeka.

Nikasema mimi naweza kulituliza.

Wote wakanigeukia. Sekela akauliza huyu ni nani. Nikaeleza kwamba nilikuwa kibarua wa fundi bati Njombe, najua kulehemu, na nimetengeneza magitaa ya masanduku ya mafuta ya taa tangu utoto. Yote ni kweli. Kwamba naweza kutuliza sumaku sikuwa najua, na sijui.

Zebedayo akasema, “Likitulia, fundi naye atapanda.”

Nitarudi Septemba, kwa lori.

Jumapili 19 Mei

Nilifunika sumaku kwa kipande cha blanketi. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Sumaku haisikii kama sikio. Nikodemo alicheka mpaka akakaa chini. “Iwe, wewe Fanueli,” alisema kwa Kibemba chake, “unadhani inaona baridi?” Lakini alinipa bisibisi yake, akaniachia gitaa mchana kutwa. Sijaona mtu wa kambi hii akiachiwa kitu cha thamani namna hiyo. Nadhani ni mtu mwema.

Alhamisi 23 Mei

Kuchuma. Magunia ya kwanza yameingia ghalani.

Jumamosi 1 Juni

Nimegundua skrubu mbili pembeni mwa sumaku. Ukizilegeza inashuka, inakuwa mbali na nyuzi. Nimeishusha. Makali yamepungua, ila na nguvu imepungua, inabidi kuongeza sauti kwenye sanduku na makali yanarudi kwa mlango mwingine. Nikaipandisha kidogo upande wa nyuzi nene, nikaiacha chini upande wa nyembamba. Hapo afadhali.

Osea amekataza mtu yeyote kuingia ghalani tukipiga, isipokuwa sisi watatu. Anasema watu wanakanyaga kahawa na wengine wanaiba. Wachumaji wanasimama nje kwenye upepo, wamejifunika.

Jumatano 5 Juni

Baridi kali. Vidole havikunjiki. Magunia yamefika chini ya dirisha.

Jumamosi 8 Juni

Nimejaribu kufunika sumaku kwa kifuniko cha kopo la sigara. Sanduku lilipiga ukelele kama nguruwe anayechinjwa, Sekela akatupa mikono masikioni. Nilitoa haraka. Alinitukana kwa Kinyiha, sikuelewa, nilielewa.

Jumamosi 15 Juni

Redio ya Bwana imekufa na ametupa maiti yake. Nikodemo anasema Kitwe alimwona fundi wa Kihindi akichukua kondensa kwenye redio, kitu kama kipande cha chaki chenye waya huku na huku, akakilehemu kati ya nyaya mbili za gitaa. Sauti nyembamba zinapita humo na kumwagikia ardhini, nene zinabaki. Nimezitoa kondensa zote, kubwa na ndogo. Nimelehemu kwa chuma nilichopasha kwenye jiko la mkaa.

Ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Gitaa likalia kama limezikwa. Nikodemo akasema hata maiti angependa kusikia zaidi. Nikaweka ndogo kuliko hiyo.

Hapo Sekela akaimba, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno yake yote pamoja na gitaa, kila kimoja mahali pake. Alipomaliza alikwenda mlangoni akarudi, akaniuliza kama nimekula.

Nilikosea kusema anajiona. Ni mtu aliyechoka kufunikwa.

Jumatatu 17 Juni

Kuchuma.

Jumanne 18 Juni

Kuchuma. Nilikohoa kutwa. Nitarudi Septemba.

Jumamosi 29 Juni

Kila Jumamosi linazidi kuwa tamu. Leo nimekata kipande kidogo cha mpira wa tairi, nikakaza chini ya nyuzi nyembamba kwenye daraja, kile kijiti kinachozibeba, na limekuwa tamu zaidi. Sasa magunia yamepangwa pande zote mpaka karibu na bati, sisi tunapiga katika uchochoro katikati, na harufu ya buni imeingia mpaka kwenye blanketi langu. Wachumaji wanajazana mlangoni. Wananiita Fundi. Mzee mmoja alileta taa yake ya chemli niitazame. Nikamwambia mimi si fundi wa taa. Akasema anayeweza kutuliza umeme atashindwaje na mafuta ya taa. Niliitengeneza.

Nimejiona mtu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi 13 Julai

Zebedayo amekuja tena. Alikaa juu ya gunia, akafumba macho. Walipiga nyimbo tatu. Alipofumbua aliuliza, “Hili ni lilelile?”

Nikodemo akasema ni lilelile, ila limekwenda shule. Zebedayo akanishika bega, akasema kweli kuna watu wamefichwa mashambani huku. Nafasi ya fundi kwenye lori ipo, alisema mbele ya Osea na mbele ya watu wote, na tutafika Njombe siku ya gulio kubwa, mwisho wa Septemba.

Nikamwomba Nikodemo nipige wimbo mmoja, mara moja tu. Alisema vidole vyangu vina utomvu wa kahawa, vitaharibu nyuzi. Vyake vina grisi.

Jumatano 17 Julai

Danford, Mbena wa Njombe, amemaliza kipande chake cha kazi, anarudi kwao. Nimemtuma kwa mke wangu Jenista. Nilimwambia aseme hivi: mwisho wa Septemba, siku ya gulio, Fanueli atashuka Njombe kwa lori la muziki, yeye ndiye fundi wao. Danford akaniuliza niseme ulikuwa wapi miaka yote hii? Nikamwambia sema kazini.

Miaka miwili sikutuma neno, kwa kuwa sikuwa na la kutuma. Sasa ninalo.

Jumamosi 3 Agosti

Wamepiga. Tamu. Sikugusa kitu.

Jumatatu 12 Agosti

Mikono ya wachumaji wengi imepasuka. Kahawa za mwisho ziko juu kwenye matawi, tunayainamisha kwa kamba. Ghala limejaa, hata Osea akitaka kuniita lazima apenye katikati ya magunia anishike bega, akipiga kelele mlangoni simsikii. Leo alinishika akaniambia, bila tusi, niende kwenye vichanja vya kuanikia, kugeuza kahawa kunafaa kifua kibovu kuliko kuchuma kwenye umande. Nilikwenda nikishangaa.

Jumapili 25 Agosti

Nitarudi mwezi ujao. Nimefua shati.

Alhamisi 12 Septemba

Malori ya kahawa yamekuja tangu jana. Tumebeba magunia kutwa. Mgongo umekwisha. Jioni ghala lilikuwa tupu, mavumbi tu na panya wawili wanaotafuta kwao.

Jumamosi 14 Septemba

Leo nitaandika yote, kwa mpangilio.

Zebedayo alifika asubuhi na lori. Alitaka kusikia mara ya mwisho kabla ya kupakia injini yake. Osea alimwekea kiti katikati ya ghala. Tulikuwa sisi watatu, Zebedayo na Osea, na wachumaji nje kama kawaida, maana hakuna aliyewaambia kwamba sasa wanaweza kuingia. Nikodemo alikuwa amevaa viatu vya rangi mbili. Sekela alikuwa na kitambaa kipya kichwani.

Nikodemo akagusa uzi wa kwanza.

Kisu kilekile cha Mei. Sufuria ileile. Sekela aliingia na wimbo, akajaribu kuimba juu yake, akashindwa, akanyamaza katikati ya neno. Zebedayo alivua kofia akaiweka sikioni kama mtu anayezuia mvua.

“Hili ndilo nililolisikia siku ya kwanza,” alisema.

Nikodemo aliniangalia. Nilikwenda nikageuza gitaa, nikafungua kifuniko cha nyuma. Kondensa ipo, lehemu imeshika. Skrubu ziko pale nilipoziacha. Mpira upo. Nikamwambia hakuna kilichoguswa.

“Umetoa kitu,” alisema Nikodemo.

Nikasema sijatoa.

“Basi hukuweka kitu. Miezi yote hii ulikuwa unalehemu hewa, unakula ubwabwa wa Sekela, unaitwa Fundi.” Akageukia watu mlangoni, akasema kwa sauti, “Mnamwona? Mwongo wa Upangwa huyu. Hata migodi ilimkataa.”

Habari ya migodi nilimwambia yeye peke yake, siku aliyonipa bisibisi.

Zebedayo hakugombana na mtu. Alisema ana njaa, atakula, na Jumatatu ataondoka na maharage yake. Wakatoka wote. Sekela alibaki kidogo akaniangalia, kama mtu anayesubiri aambiwe. Akatoka.

Nilibaki nimesimama. Osea akaniita kutoka mlangoni nichukue ufagio, kama nimeshindwa na gitaa nisishindwe na vumbi. Na sauti yake, aliyoitoa kwa kawaida tu, ilinipiga kutoka mbele, ikanipiga kutoka ukutani, ikashuka tena kutoka kwenye bati. Niligeuka nikidhani kuna Osea wa pili nyuma yangu.

Nikapiga makofi. Kofi likarudi, kali, jembamba.

Hapo nikajua. Wakati ghala lilipokuwa tupu mwezi Mei, gitaa lilikuwa kali. Magunia yalipoingia, likaanza kutulia. Yalipofika chini ya dirisha, likatulia zaidi. Yalipofika kwenye bati, likawa asali, na mimi nikaitwa Fundi. Yametoka, na ukali umerudi kukaa kwake. Magunia ndiyo yaliyokuwa yakimeza makali. Kondensa ilimeza kidogo, skrubu zilimeza kidogo, lakini sehemu kubwa ilimezwa na buni ya Bwana, na sifa nikachukua mimi.

Nilifagia nusu ya ghala nikifikiri. Nikisema, nimejitoa mwenyewe kwenye lori, maana fundi ambaye kazi yake ilifanywa na magunia si fundi. Nikinyamaza, haendi mtu, na mwaka kesho Nikodemo atawasimulia watu habari zangu kila baa ya mpakani. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Sekela, ambaye hii ndiyo nafasi yake ya kutoka kwenye kahawa. Sikumfikiria. Nilikwenda kwa sababu niliitwa mwongo mbele ya watu.

Walikuwa wanakula nyuma ya jiko. Nikamwambia Zebedayo, “Mzee, gitaa halijabadilika. Ghala ndilo limebadilika. Lijaze watu, kisha usikilize.”

Nikodemo akasema usimjibu, mukwai, yaani bwana kwa Kibemba, huyu amechanganyikiwa. Lakini Zebedayo ni mfanyabiashara, kujaribu hakumgharimu kitu. Akamwuliza Osea kama inawezekana. Osea akasema kahawa imekwishaondoka, waingie hata mbuzi.

Wakaingia. Wachumaji wote, na wake zao, na watoto mgongoni, kila mtu na blanketi lake kwa sababu ya upepo. Walijaa mpaka ukutani. Nikodemo akapiga, uso umekunjamana. Likatoka lilelile la Julai. Laini, lenye mwili, na sauti ya Sekela ikakaa juu yake bila kusukumwa. Mama mmoja akaanza kucheza na mtoto mgongoni, wengine wakamfuata. Nilisimama karibu na mlango. Nilifurahi, naandika hivyo pia. Muda wa wimbo mmoja nilifurahi.

Wimbo ulipoisha Zebedayo alikuwa anacheka peke yake.

“Kwa hiyo dawa ni watu,” alisema.

“Watu, mzee, na kondensa niliyoweka, na zile skrubu,” nikasema. “Bila hizo hata watu wasingetosha.”

“Watu,” alisema Nikodemo. “Na watu, mukwai, tutawakuta kila tunakokwenda. Fundi wa nini?”

Nikamwambia aniruhusu nitoe kondensa sasa hivi, hapo walipojaa, wasikilize tofauti. Alilishika gitaa kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

“Awe, hapana. Usiiguse. Iko sawa.”

Sekela akasema, “Kama haina kazi, mwache aitoe.”

Zebedayo alimaliza kucheka, akafuta macho, akaniambia kwa upole wake ule, “Kijana wangu, lori langu lina maharage na injini. Nafasi iliyobaki ni ya mtu wa kutazamwa. Wewe hutazamwi.”

Watu walitaka wimbo mwingine. Wakapigiwa. Nilitoka. Osea alinikuta kwenye vichanja, akasimama kando yangu muda mrefu akichambua punje zilizooza, kazi ambayo si yake.

“Ungenyamaza, mwanangu,” alisema.

Jumatatu 16 Septemba

Wameondoka. Kondensa imekwenda, skrubu zimekwenda, mpira wangu wa tairi umekwenda. Nilimpa Sekela kitenge cha kumpelekea Jenista, na nikamwomba amwambie kilichotokea. Nilimweleza atakavyomjua: mrefu, ana kovu la moto mkono wa kushoto, hacheki haraka. Sekela akasema atamtafuta. Nikodemo alikuwa amekaa mbele na dereva, aliangalia kwingine. Nilipompa mkono dirishani aliushika, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Jumanne 17 Septemba

Kupogoa.

Ijumaa 20 Septemba

Kupogoa. Kifua.

Nimefikiria kumfuata Danford kwa miguu. Nikiondoka leo nikatembea bila kupumzika sitawahi gulio, na kipande changu hakijaisha, nitafika mtoro tena mtu wa mikono mitupu. Nilifika mpaka kwenye daraja la mto, nikakaa, nikarudi kabla Osea hajahesabu watu.

Jumamosi 28 Septemba

Leo ndiyo siku ya gulio la Njombe.

Jumapili 6 Oktoba

Joto. Vumbi jekundu mpaka kwenye ugali. Watu wanasema huko mpakani mawingu yameonekana.

Jumamosi 19 Oktoba

Lori limerudi. Sekela amekuja kambini kuchukua vyombo vyake, anahamia Tunduma kuimba kwa Zebedayo. Amekonda, na amevaa viatu. Alikaa kwenye kizingiti changu akakataa kuingia.

Alinisimulia bila kuniangalia. Njombe watu walijaa. Kabla hawajaanza, mwanamke mrefu alikuja mpaka kwenye lori, amevaa nguo ya kanisani, miguu ina vumbi la safari ndefu. Alikuwa na mama mkwe wake, wamebeba kuku ndani ya kikapu. Aliangalia kila mtu aliyeshuka. Walipokwisha kushuka aliendelea kuangalia lori. Kisha akamwendea Nikodemo, akamsalimu kwa heshima, akamwuliza yuko wapi fundi wenu.

“Nikodemo akasema nini?” nikauliza.

“Akasema, amebaki kwa kupenda mwenyewe, mama. Kahawa imemkolea.”

“Na wewe?”

“Nilikuwa pale,” alisema Sekela. “Nilitaka kusema. Zebedayo alikuwa anatuita tuanze, injini imewashwa, nikaona nitasema baadaye. Tukapiga. Alisimama mpaka mwisho, mbele kabisa, na yule mama kando yake. Tulipomaliza nikamshika mkono, nikampa kitenge chako, nikaanza kueleza. Nikaeleza vibaya, ndugu yangu. Magunia, ghala, sumaku. Nani angeelewa? Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi.”

Nikamwuliza kama Jenista hakusema lolote.

“Alisema gitaa lenu ni tamu, halipigi kelele kama alivyodhani. Alikikunja kitenge, akakitia kikapuni pale alipokuwa kuku. Kuku walimpa dereva. Halafu akasema, mwambieni asitume tena habari ya kuja.”

Sekela alilia kidogo. Mimi sikulia mbele yake. Nilimbebea sufuria zake mpaka kwenye lori. Nikodemo alikuwepo, akasema mambo vipi Fundi, kama hakuna kilichotokea, akanipa sigara. Niliichukua, nikaivuta. Haikuwa na ladha ya kitu chochote.

Jumatatu 21 Oktoba

Kuchimba mashimo ya miche.

Jumatano 30 Oktoba

Mashimo.

Jumamosi 2 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, kubwa, yenye mawe. Ilipokatika Osea alipita kambini akiuliza kila mtu kama anabaki kwa palizi au anakwenda kwao. Wengi wanakwenda. Aliponifikia alisimama, maji yanamchuruzika kwenye kofia, akanitazama usoni. Hakuuliza. Akaandika jina langu upande wa palizi, akaenda kwa mtu wa pili.